Kufunga Upya Pakiti za Klachi za Giaboksi ya Otomatiki: Mwongozo Kamili kwa Toyota A340

Gari linapounguruma bila kuvuta, jibu linalotolewa upesi katika gereji nyingi ni kwamba giaboksi imekufa na itafutwe nyingine ya mtumba. Kwa giaboksi ya A340, ile iliyofungwa katika Mark II, Chaser, Hilux Surf na Prado nyingi za miaka ya 1990, jibu hilo mara nyingi hutolewa mapema mno. Giaboksi hiyo ya gia nne ilitengenezwa na kampuni ya Aisin ya Japani, na ndugu yake wa karibu aliyeitwa AW4 alifungwa katika Jeep Cherokee kuanzia mwaka 1987 hadi 2001. Meno yake, shafti zake na ganda lake ni vitu imara vinavyostahimili kufunguliwa na kufungwa zaidi ya mara moja. Kinachochoka ndani yake ni karatasi na mpira: pleti za msuguano zilizomo katika pakiti za klachi, pamoja na sili na oringi zinazozuia oili isivuje nyuma ya pistoni. Anayenunua giaboksi ya mtumba bila kuifungua ananunua karatasi na mpira wa umri uleule, na pengine uliochoka zaidi.

Maelezo yanayofuata yanamlenga fundi ambaye tayari ameshika injini na giaboksi za kawaida, lakini anaiogopa otomatiki kwa sababu ya wingi wa vipande vyake. Jambo moja ningependa alishike tangu mwanzo: pleti haiungui yenyewe. Inaungua kwa sababu presha ya oili iliyotakiwa kuibana ilikuwa ndogo, ikateleza, ikapata moto. Fundi akibadilisha pleti na kuacha upungufu huo wa presha ulipo, gari litarudi.

Pakiti inavyofanya kazi

Pakiti ya klachi ni dramu ya chuma ambayo ndani yake zimepangwa pleti za aina mbili kwa kupokezana. Pleti za chuma tupu zina meno ya nje yanayoingia kwenye mifereji ya dramu, na pleti za msuguano, ambazo zimebandikwa karatasi ngumu pande zote mbili, zina meno ya ndani yanayoshika habu. Chini ya pleti hizo kuna pistoni. Oili yenye presha ikiingia nyuma ya pistoni, pistoni huzibana pleti zote, na dramu na habu huzunguka kama kitu kimoja. Oili ikiondoka, springi huirudisha pistoni na pleti huachiana. Breki za ndani zina muundo huohuo, isipokuwa pleti zake za chuma zimeshikwa na ganda la giaboksi, kwa hiyo zinapobana husimamisha kitu badala ya kukizungusha.

A340 ina klachi tatu zinazoitwa C0, C1 na C2, breki nne kuanzia B0 hadi B3, na klachi tatu za upande mmoja, yaani zinazoshika zikizungushwa upande mmoja na kuachia upande mwingine, kuanzia F0 hadi F2. Kati ya breki hizo, B1 peke yake si pakiti; ni bendi inayoizunguka dramu ya C2. Majina hayo yanachosha kuyakariri, lakini ndiyo yanayomwezesha fundi kujua pakiti iliyoungua kabla hajashika spana.

Kuitambua pakiti iliyoungua gari likiwa bado zima

Kila gia hutumia mchanganyiko wake. C1 hufanya kazi katika gia zote za mbele. C2 hufanya kazi katika gia ya tatu, ya nne, na katika rivasi. B3 hufanya kazi katika rivasi, na katika gia ya kwanza pale tu mkono wa gia unapokuwa kwenye L. B2 ndiyo inayoleta gia ya pili, na B0 ndiyo inayoleta ya nne, yaani ovadraivu.

Kutokana na hayo, gari linaloteleza, yaani injini inapaa bila gari kuvuta, katika rivasi na pia likateleza linapoingia gia ya tatu linamwelekeza fundi kwenye C2, kwa kuwa ndiyo inayoshiriki pande zote mbili. Likiteleza katika rivasi peke yake, huku gia ya tatu ikivuta vizuri, fundi aliteremshe kwenye mteremko mkono ukiwa kwenye L: injini isipolizuia gari, mkosaji ni B3. Rivasi ikiwa nzima na mbele kusiwe na kitu kabisa, ni C1. Gari likitoka gia ya kwanza na injini ikapaa badala ya kuingia ya pili, kaangalie B2 pamoja na F1. Na gari likiteleza katika kila gia, usifikirie pakiti yoyote kwanza. Fikiria oili pungufu, filta iliyoziba, pampu iliyolika, au kebo ya thrato iliyolegea.

Kebo hiyo inastahili maelezo zaidi. Katika A340E yenye kebo, kompyuta huamua gia ibadilike lini, lakini presha ya oili huamuliwa na kebo inayotoka kwenye thrato ya injini kwenda ndani ya giaboksi. Kebo ikiwa legevu, dereva anakanyaga mafuta, injini inatoa nguvu yake yote, na giaboksi inadhani gari limesimama kwenye foleni. Pleti hubanwa kwa presha ndogo na kuteleza kila siku kidogo kidogo. Kipimo chake ni rahisi: mtu mmoja akanyage pedeli ya mafuta hadi mwisho, na mwingine apime pengo kati ya mwisho wa mpira unaofunika kebo na kituo kidogo kilichobanwa juu ya waya wa kebo. Pengo hilo linatakiwa liwe kati ya mm 0 na mm 1. Magari yaliyobadilishiwa injini ndiyo yanayopatikana mara nyingi na kebo iliyofungwa kwa kukadiria, na mengine hayana kebo kabisa.

Umeme nao upimwe kabla ya kushusha chochote. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kisanduku cha kupimia kilicho chini ya boneti, washa swichi bila kuwasha injini, na swichi ya ovadraivu ikiwa imewashwa uhesabu mimweko ya taa ya O/D OFF. Namba 62 ni solenoidi (valvu inayoendeshwa kwa umeme) ya kwanza, 63 ni ya pili, 64 ni ya kufunga toki konveta (chombo cha oili kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi), 42 na 61 ni sensa za mwendo. Solenoidi nzima ya aina hii husoma kati ya omu 11 na 15. Ni muhimu kujua kwamba plagi ya solenoidi ikichomoka, D huondoka kwa gia ya nne, 2 huwa gia ya tatu, na L huwa gia ya kwanza. Gari la namna hiyo huondoka kwa uzito mkubwa na mwenyewe huapa kwamba klachi zimekwisha, kumbe ni plagi tu.

Mwisho, chomoa kijiti cha oili. Oili nyekundu iliyofifia si tatizo. Oili nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua inathibitisha kwamba kuna pakiti imekwenda. Oili yenye rangi ya maziwa na waridi ina maana kwamba maji ya rejeta yameingia kupitia kipoza oili kilichomo ndani ya tangi la rejeta, na hapo hakuna cha kuchagua: maji huiharibu gundi inayoshika karatasi, kwa hiyo pleti zote za msuguano zibadilishwe hata zile zinazoonekana nzima, na rejeta ibadilishwe kabla ya giaboksi kurudi.

Matayarisho

Pata kitabu cha ukarabati cha toleo la giaboksi yako, kwa sababu idadi ya pleti katika pakiti hutofautiana kulingana na injini, na namba iliyoandikwa kwenye bamba la gari chini ya neno TRANS/AXLE ndiyo utakayoagizia vipuri. Agiza seti kamili ya oringi, sili, pete za kuzibia na gasketi, pamoja na pleti za msuguano za pakiti zote. Pleti za chuma zinunuliwe za pakiti zilizoungua, na filta mpya iwepo. Wako wanaonunua pleti za C2 pekee ili kupunguza gharama. Siwashauri, kwa kuwa kazi kubwa ni kushusha na kufungua, na pleti za C1 za miaka 25 hazitasubiri kwa muda mrefu.

Vifaa visivyo vya kawaida ni vichache: kompresa yenye bunduki ya hewa, geji ya mshale ya kupimia mwendo mdogo, fila geji ya kupimia mapengo, spana ya toki inayosoma hadi Nm 10 bila kubahatisha, na kifaa cha kubana springi za pistoni, ambacho fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa pete ya chuma na bolti ndefu. Unahitaji pia meza safi. Nyuzi za pamba zikiingia kwenye valvu bodi, yaani kipande chenye valvu zinazoielekeza oili kwenye pakiti, huzuia valvu isiteleze, kwa hiyo matambara ya kawaida yasitumike ndani ya giaboksi. Kausha vipande kwa hewa.

Kushusha

Toa waya wa hasi wa betri, mwaga oili, toa propela, na kwa gari la 4WD toa propela zote mbili. Fungua mirija ya kipoza, bomba la kijiti cha oili, kebo ya thrato, mkono wa gia, plagi zote na stata. Bolti za toki konveta zifunguliwe moja baada ya nyingine kwa kuizungusha injini kwa spana, ili konveta ibaki ndani ya giaboksi na ishuke nayo. Giaboksi ikishuka konveta ikabaki kwenye injini, pampu huathirika. Gari likae juu ya stendi imara, si juu ya jeki, na giaboksi ishushwe na jeki ya giaboksi au watu watatu. Si mzigo wa mtu mmoja aliyelala chali.

Osha ganda kwa nje mpaka liwe safi kabla ya kufungua bolti ya kwanza.

Kufungua

Toa sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, kwanza na uangalie sumaku zilizomo. Kisha toa filta na valvu bodi, ambayo itoke ikiwa nzima. Ukiitenganisha nusu zake bila sababu, vijigololi vilivyomo huanguka na kila kimoja kina mahali pake. Chini ya valvu bodi kuna pistoni nne za akumuleta, yaani za kulainisha presha pakiti inapobana, za C0, C2, B0 na B2, ambazo hutoka kwa kupulizwa hewa huku zimefunikwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Springi zake hazilingani. Pigia picha kila moja pamoja na springi yake, uiweke katika kikopo chake, na uandike jina juu ya kikopo.

Kabla ya kuendelea, tumia nafasi uliyonayo: mashimo ya oili ya pakiti sasa yako wazi. Puliza hewa katika kila shimo kwa kufuata mchoro wa kitabu. Pakiti nzima hujibu kwa kishindo kifupi na kizito, kama mtu anayegonga mlango mara moja. Pakiti inayotoa mlio wa kufoka bila kishindo ina oringi au pete inayovujisha. Andika matokeo, kwa sababu hiki ndicho kipimo pekee kitakachokuonyesha chanzo kabla hujakivuruga kwa kufungua.

Simamisha giaboksi kichwa juu. Toa pampu, kisha sehemu ya ovadraivu yenye C0, kisha pakiti ya B0. Sapoti ya ovadraivu imeshikwa na saklipu kubwa na pia na bolti mbili zinazofikiwa kutoka upande wa valvu bodi. Wanaozisahau bolti hizo huishia kuipiga nyundo sapoti, na sapoti ikishavunjika hakuna pa kuipata isipokuwa katika giaboksi nyingine. Sapoti ikitoka, C2 na C1 hufuata kwa pamoja, kisha bendi ya B1, seti ya mbele ya gia za sayari, B2, seti ya nyuma, na mwisho B3. Kila beringi bapa na pete yake irudishwe juu ya kipande ilichotoka nacho, upande uleule, na ipigwe picha hapo hapo.

Pakiti ya C2 kwa karibu

Nitaeleza pakiti moja kwa ukamilifu, kwa kuwa anayeielewa hiyo anazielewa zote, na katika magari niliyofungua hii ndiyo inayotangulia kuungua.

Saklipu ya juu hutoka kwa bisibisi bapa nyembamba. Chini yake kuna flenji nene, kisha pleti. Zitoe moja moja na uzipange mezani kwa mfuatano zilivyotoka, kushoto kwenda kulia, ukihesabu. Pleti nzima ya msuguano ina rangi ya udongo, mifereji yake inaonekana, na namba zilizochapwa juu ya karatasi yake bado zinasomeka. Kanuni ya Toyota ni kali: karatasi ikibanduka au ikibadilika rangi, au namba zilizochapwa zikifutika hata sehemu tu, pleti zote za pakiti hiyo zibadilishwe. Pleti iliyoungua haihitaji kanuni. Ni nyeusi, inang'aa kama makaa yaliyolowa, na ukiikwaruza kwa ukucha karatasi inatoka kama masizi ya sufuria. Pleti za chuma zilizokuwa jirani nayo huwa na madoa ya buluu. Zilizo na madoa hayo, au zinazoyumba zikilazwa juu ya kioo, zisirudi.

Sasa bana springi za kurudishia kwa kile kifaa, utoe saklipu yake ya ndani, ulegeze taratibu. Springi hizo zikiruka zinaweza kumtoa mtu jicho, na miwani ya kazi si pambo. Ili kuitoa pistoni, iweke dramu juu ya shingo ya sapoti ya ovadraivu na upulize hewa kwenye njia ya C2 iliyomo katika sapoti, pistoni itapanda. Vua oringi zake na uzitazame, kwa kuwa hapa ndipo chanzo hujificha. Oringi nzima ni ya mviringo na inanyumbulika. Iliyochoka imekuwa bapa upande mmoja, ngumu kama plastiki, na ukiikunja kwa nguvu hupasuka. Pistoni nayo ina kijigololi cha kuachia oili: itikise, ukisikie kikicheza, kisha puliza hewa kidogo kuhakikisha hakivujishi.

Angalia ukuta wa ndani wa dramu pale oringi zinapopita, na mifereji ambamo meno ya pleti hucheza. Mikwaruzo inayokwama ukucha ina maana kwamba dramu hiyo haifai, hata kama inauma kuinunua.

Pleti mpya za msuguano zilowekwe katika ATF safi, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, kabla ya kufungwa. Nusu saa ni kidogo, saa 2 zinatosha. Mimi huziloweka jioni na kufunga asubuhi. Pleti iliyofungwa kavu huungua katika sekunde za kwanza za maisha yake.

Oringi mpya zilinganishwe na za zamani kwa kuwekwa juu yake, kwani katika seti moja huwamo nyingi zinazofanana machoni na kutofautiana kwa milimita moja. Zipake ATF, zivalishwe bila kujipinda, kisha pistoni isukumwe ndani kwa viganja viwili kwa usawa. Isigongwe. Ikikataa, itoe uangalie. Oringi imekunjamana mahali. Rudisha springi na saklipu yake, kisha panga pleti: ya chuma, ya msuguano, ya chuma, ya msuguano, hadi mwisho, na flenji juu ikiwa imeelekea upande uleule ulioupiga picha. Saklipu ya juu ikae sawasawa kwenye mfereji wake, na pengo la ncha zake lisiangukie kwenye mwanya wa dramu.

Kinachofuata ni kipimo ambacho wengi hukiruka. Weka dramu juu ya sapoti, simamisha geji ya mshale juu ya pistoni, puliza hewa ya presha ya kati ya kg 4 na 8 kwa sentimita ya mraba, na usome mwendo wa pistoni. Kwa C2 ya A340E mwendo huo ni kati ya mm 1.37 na mm 1.60, toleo lako lihakikishwe katika kitabu chake. Mwendo ukizidi, pistoni husafiri mbali kabla ya kubana, gia huchelewa na pleti huteleza; ukipungua, pleti hukwaruzana hata zinapotakiwa kuachiana, nazo huungua vilevile. Marekebisho hufanywa kwa kubadilisha flenji, ambazo huuzwa kwa unene tofauti na zina namba. Kuongeza au kupunguza pleti ili kupata kipimo si marekebisho.

Wakati wa kuiweka dramu juu ya sapoti kuna pete za kuzibia oili kwenye shingo ya sapoti. Ni nyembamba na ncha zake hushikana kwa ndoano ndogo. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii niliisukuma dramu kwa haraka, nikasikia mlio mdogo kama wa kuvunja kijiti cha meno, nikajiambia ni pleti zinakaa. Ilikuwa ni pete. Gari lilirudi baada ya wiki tatu likiteleza katika gia ya tatu na rivasi, pleti mpya za C2 zikiwa nyeusi kuliko zile nilizozitoa, na gharama ya marudio niliibeba mwenyewe. Tangu hapo pete huzipaka mafuta ya mgando ya kujipaka ili zikae katikati ya mifereji yake, dramu huishusha kwa uzito wake yenyewe huku nikiizungusha, kisha napuliza hewa tena nisikie kishindo.

Pakiti nyingine zifuate utaratibu huohuo. Katika baadhi yake kuna pleti moja ya chuma iliyopinda kama sahani ya kahawa, ambayo kazi yake ni kulainisha mshtuko wa gia inapoingia. Nafasi yake na upande wake visibadilishwe.

Kurudisha ndani ya ganda

Kazi huenda kinyume cha ilivyofunguliwa, kuanzia B3 hadi pampu. Beringi bapa zishikizwe kwa mafuta ya mgando, ambayo huyeyuka katika ATF. Grisi ya kawaida haiyeyuki na huziba filta. Habu inapoingia katika pakiti, meno yake yanapaswa kupita pleti moja baada ya nyingine. Zungusha kipande kushoto na kulia kwa vidole, bila kukandamiza, nawe utakihisi kikidondoka hatua moja, kisha nyingine. Hesabu hatua hizo zilingane na idadi ya pleti. Pleti moja ikiachwa nje, kipande hukaa juu kwa milimita chache tu, na jicho lisilo makini halitaona.

Pampu ikae juu ya ganda kwa kusukumwa na mikono. Ikibaki juu, usitumie bolti kuivuta chini. Kuna pleti ambayo haijashika, na bolti zitaipinda. Baada ya kukaza, shafti ya kuingizia nguvu izunguke laini kwa vidole.

Kabla ya valvu bodi kurudi, puliza hewa tena katika kila shimo na ulinganishe na yale uliyoyaandika. Kila pakiti sasa igonge. Valvu bodi hukazwa kwa Nm 10, kutoka katikati kwenda pembeni, na bolti zake zina urefu tofauti. Bolti ndefu katika tundu la bolti fupi hutoboa ganda. Bolti za sampo hazihitaji zaidi ya Nm 7 hivi, na wanaozikaza kwa hasira ndio wanaolalamika kwamba gasketi mpya inavuja.

Toki konveta ya giaboksi iliyoungua imejaa unga wa pleti na haifunguki bila kukatwa. Iliyo salama zaidi ni iliyokarabatiwa na wenye mashine ya kukata na kuchomelea upya. Pasipo hiyo, ijazwe ATF safi, itikiswe, imwagwe, mara nyingi, hadi inachotoa kiwe safi. Kipoza na mirija yake visafishwe kwa kupulizwa kinyume cha mwelekeo wa kawaida wa oili. Konveta inaporudi kwenye pampu, izungushwe hadi ishuke mara ya mwisho, kisha kina chake kipimwe kwa rula na ukingo wa ganda na kulinganishwa na kitabu. Ikikosa hatua moja, pampu huvunjika siku ya kuunganisha na injini.

Oili na majaribio

Tumia oili iliyoandikwa kwenye kijiti au katika kitabu cha gari: matoleo mengi ya zamani hutaka ATF ya aina ya Dexron, mengine ya baadaye hutaka ya T-IV. Giaboksi tupu pamoja na konveta huchukua takriban lita 7 hadi 8. Mimina lita 4 kwanza, washa injini, pitisha mkono katika kila nafasi ukikaa sekunde chache, kisha ongeza hadi alama ya baridi. Kipimo cha mwisho hufanywa oili ikiwa na joto la nyuzi 70 hadi 80, injini ikiwaka.

Gari likiwa limeshikwa na breki zote mbili, pima muda kati ya kuhamisha mkono na kuhisi mshtuko wa gia. Kutoka N kwenda D usizidi sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R usizidi sekunde 1.5. Rekebisha kebo ya thrato kama ilivyoelezwa juu, hata kama hukuigusa. Jaribio la kukanyaga mafuta hadi mwisho gari likiwa limezuiwa lisizidi sekunde 5, lisirudiwe mfululizo, na mimi huliacha kabisa hadi pleti zizoeane kwa siku chache za mwendo wa kawaida.

Baada ya kilomita 1,000 mwaga oili ya sampo, ambayo ni lita 2 hivi, na uzitoe sumaku. Tope la kijivu lililo laini kama uji wa mtoto ni la kawaida. Lifute, weka oili mpya, gari liende. Ukikuta vipande vinavyometa au nyuzi nyeusi za karatasi, usirudishe sampo: anza tena na kipimo cha hewa.